Telepathia katika riwaya za vijana: maana yake

Telepathia ni uwezo wa kupata mawazo au hisia za mtu mwingine bila kusikia sauti yake, bila maandishi na bila ishara yoyote ya mwili. Sayansi haijauthibitisha. Katika riwaya za vijana, hata hivyo, ni kipaji kinachopendwa mno, na aghalabu mwenye nacho ni binti au mvulana wa miaka 14 hadi 17 ambaye juzi tu alikuwa mtoto wa kawaida.

Vipo vipaji vya jamii hiyo: kusogeza vitu kwa nguvu za akili, kuona yatakayotokea, kugusa kitu ukajua yaliyompata mwenyewe. Telepathia nadhani inavipita vyote kwa uzito, kwa kuwa humwingilia mtu mahali alipodhani yuko peke yake.

Dhana hii ilianzia nje ya riwaya. Mwaka 1882, jijini London, kilianzishwa chama cha kuchunguza mambo kama haya. Frederic Myers, mmoja wa waasisi wake, ndiye aliyeipa jina. Miaka ya 1930, J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliwapima watu kwa kuwataka wataje alama ya karata iliyofichwa; karata zilikuwa 25, kila moja na alama moja kati ya hizi 5: duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota. Anayebahatisha hupatia karata 5 kwa wastani. Rhine aliripoti waliozidi hapo, lakini wengine waliporudia majaribio kwa uangalizi mkali zaidi, ziada hiyo haikuonekana. Ukikuta hadithini kijana anaulizwa karata iliyofichwa ina alama gani, chimbuko lake ni hilo.

Kazi ngumu ya mwandishi ni kuuwekea uwezo huu mipaka. Mhusika akisoma kila akili, siri zote zimekwisha, na hadithi nayo imekwisha. Ndiyo maana wengine huweka umbali maalumu, wengine huleta maumivu ya kichwa, wengine huwafundisha wahusika kufunga akili zao zisisomwe. John Wyndham, katika The Chrysalids ya mwaka 1955, alitumia hatari. Watoto wake wanazungumza kwa mawazo ndani ya jamii inayoangamiza kila kilicho tofauti, kwa hiyo hawathubutu kujulikana. Kisha anakuja Petra, mdogo kuliko wote, mwenye nguvu asizojua kuzizuia: akiogopa, kilio chake cha kimyakimya huwavuta wenzake, watake wasitake, na kukimbia kwao pamoja huwatia watu shaka.

Ujana unaifaa dhana hii kwa sababu ndio umri wa kuanza kuwa na mambo usiyomwambia mzazi, huku ukitamani sana kujua rafiki anakuonaje. Kwa hiyo swali zito katika riwaya hizi ni la ruhusa. Anayesoma mawazo ya mpenzi wake bila kumwambia amemkosea, hata kama alichokikuta humo ni upendo mtupu, na mwandishi anayelipita jambo hilo haraka ameacha sehemu bora ya hadithi yake.