Damu yako haijawahi kuwa ya buluu
Mishipa ya kwenye kifundo cha mkono huonekana ya buluu, na wengi wetu tulikua tukiamini kwamba damu inayorudi moyoni ni ya buluu, hugeuka nyekundu ikikutana na hewa. Sivyo. Damu ya binadamu ni nyekundu daima, kwa sababu ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, yenye madini ya chuma. Ikitoka mapafuni na oksijeni hung'aa. Ikishaigawa mwilini hukolea, ikawa nyekundu ya giza. Nesi akikutoa damu kwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni), tazama bomba la sindano: haijagusa hewa, na bado ni nyekundu. Ubuluu unatokana na mwanga. Ule mwekundu hupenya ngozi na kumezwa na damu mshipani, wa buluu hurudi machoni kutoka juujuu.