Tiketi rahisi kutoka Manda au Malindi, na pesa zinazokungoja kaunta

Ukiona tiketi ya Lamu hadi Nairobi ina bei ya kukufanya utabasamu, jua hiyo ni bei ya mwili wako, kiti chochote kitakachobaki, na mfuko wa mkononi. Begi kubwa, kuchagua kiti, kubadilisha siku, kusahihisha jina: kila kimoja kina bei yake pembeni. Mimi sioni ubaya katika mpango huu. Anayekwenda Nairobi na kanzu mbili na faili la karatasi za mahakamani hana sababu ya kumlipia jirani aliyebeba kikapu cha maembe. Tatizo ni wakati wa kulipa. Kitu kile kile huwa na bei ya chini siku unapokata tiketi, hupanda ukikiongeza baadaye, na huwa ghali kuliko zote pale kaunta, ambapo huna tena pa kuliacha begi kwa sababu mashua iliyokuleta Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, imesharudi mjini.

Kwa hiyo nashauri, kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, andika kwenye karatasi: tiketi, begi, mashua au teksi ya kwenda uwanjani, na teksi ya Nairobi. Jumla hiyo ndiyo ya kulinganisha. Mara nyingi tiketi iliyoonekana ghali, lakini ina begi ndani yake, hushinda ile rahisi.

Kilo

Jambojet, inayoruka Lamu na Malindi kutoka Nairobi, huruhusu kilo 7 za mkononi. Sasa chukua lile sanduku gumu la magurudumu watu wanalolipenda. Likiwa tupu lina kilo 2.5 hadi 3. Yaani zaidi ya theluthi ya ruhusa yako imeliwa na magurudumu kabla hujatia hata kikoi. Mkoba wa kitambaa wa mgongoni una nusu kilo, ukizidi sana kilo moja. Tena ndege ya Dash 8 Q400 ina viti 78 na makabati madogo juu ya vichwa. Sanduku gumu mara nyingi halitoshi, huchukuliwa chini ya ngazi likapakiwa tumboni mwa ndege. Likichukuliwa, toa kwanza dawa, simu, pesa na betri ya akiba. Kwenye ndege ndogo za Cessna Caravan ni kali zaidi: begi laini lisilo na fremu, na kilo 15 kwa jumla ndiyo ruhusa ya kawaida, kwa sababu rubani anapiga hesabu ya uzito wa kila kitu kilichomo.

Mizani ya kununua huhitaji kwenda mbali. Ile ya kuning'iniza, yenye ndoano, wanayotumia wauza samaki, inatosha kabisa. Lakini usiiamini kabla ya kuijaribu: itazame kwanza kama inasoma sifuri ikiwa tupu, halafu tundika mfuko wenye pakiti tatu za unga za kilo 2. Ikisoma 6, endelea. Ikisoma 5.6, mizani inakudanganya na kaunta haitakuhurumia. Jiachie nusu kilo ya tahadhari kwenye begi la mkononi na kilo moja kwenye begi kubwa. Mizani ya kusimama nayo inafaa: jipime ukiwa umebeba begi, jipime tena bila begi, utoe.

Ukizidi kwa kilo mbili tatu, anza na vitu vyenye uzito mkubwa na ujazo mdogo. Vaa viatu vizito, makubadhi yaende begini. Vitabu, chaja na simu ya pili viingie mfukoni mwa koti. Na uliza mapema kama familia iliyo kwenye tiketi moja inaruhusiwa kuchanganya kilo. Mashirika mengine hukubali, mengine hupima kila mtu peke yake hata mkiwa mke na mume mmesimama bega kwa bega.

Begi likishazidi kabisa, nunua kilo kabla ya siku ya safari. Na kama ni mzigo usio na haraka, usiununulie kilo za ndege hata kidogo. Mabasi yanayotoka Mokowe, ng'ambo ya Lamu upande wa bara, na yale ya Malindi hubeba vifurushi, na kifurushi cha kilo 10 cha vitu vikavu hakina sababu ya kuruka angani.

Samaki, achari na halua

Hapa ndipo watu wa pwani tunapolipa zaidi ya wengine, maana hakuna anayekwenda Bara mikono mitupu.

Samaki: kosa kubwa ni barafu. Kilo 5 za samaki, kilo 3 za barafu na kikasha cha kilo 2, umelipia kilo 10 ili kusafirisha 5. Barafu nayo ikiyeyuka, kikasha kikitoa maji, mzigo unaweza kukataliwa kwa kuwa maji ya chumvi na samaki huharibu mizigo ya wengine na hula chuma. Fanya hivi: safisha samaki, kata vichwa kama havihitajiki, kausha maji kwa kitambaa, gandisha kwenye friza usiku mbili mpaka wawe kama mawe. Siku ya safari wafunge kwa magazeti tabaka nne au tano, tia ndani ya kikasha chembamba cha foam (styrofoam), funga kwa utepe pande zote. Kwa safari ya saa moja angani na saa tatu au nne za njiani, gazeti nene linatosha bila tonge la barafu. Kamba wabichi ni shida zaidi kwa maji wanayotoa; wachemshe kidogo kwanza, ugandishe.

Achari, samli, asali, tui la kopo, marashi: vyote ni vya begi kubwa. Kwenye safari za kimataifa, katika viwanja vingi, kitu cha majimaji au cha kupaka kinachokwenda mkononi kisizidi mililita 100 kwa chombo, na kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa. Chupa ya mililita 200 iliyobaki robo hukataliwa. Halua nayo, kwa ulaini wake, mkaguzi akitaka ataihesabu upande huo, basi itie chini. Kifuniko cha achari kizungushie utepe na chupa uivalishe soksi. Usiifunge kwa mifuko ya plastiki ya dukani. Imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Betri ya akiba ya simu ni kinyume chake: haiendi begi kubwa kamwe, mkononi tu. Mpaka ni saa-wati 100. Zidisha mAh (namba ya uwezo iliyoandikwa juu ya betri) kwa 3.7, gawanya kwa 1,000: ya 20,000 inatoa 74, inapita. Isiyoandikwa namba yoyote inaweza kunyang'anywa, na hakuna fidia.

Jina lako na babu yako

Fomu za tiketi zinataka jina la kwanza na jina la ukoo. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na hapo watu huanza kubuni. Sheria ni moja: andika kama kitambulisho kinavyosema. Kwenye pasipoti tazama mistari miwili ya chini yenye alama za <<. Baada ya herufi KEN, kilicho kabla ya << ndicho kinachoingia nafasi ya ukoo, na kinachofuata ndiyo majina mengine. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni mtu mmoja msikitini, lakini kwenye kompyuta ya shirika la ndege ni watu watatu. Vivyo hivyo Fatma na Fatuma, Swaleh na Saleh, Athman na Uthman.

Kwa hiyo usimkatie mtu tiketi kwa jina ulilolisikia kwenye simu. Mwambie shangazi atume picha ya kitambulisho, nawe uandike ukikitazama. "Bi", "Maalim" na "Sharifu" zibaki nyumbani. Ukigundua herufi moja au mbili zimekosewa, piga simu saa ile ile. Kosa dogo la herufi mashirika mengi hulirekebisha bure au kwa ada ndogo. Jina zima likibadilika linahesabiwa kuwa ni abiria mwingine, na tiketi nyingi za bei nafuu haziruhusu hilo.

Mtoto chini ya miaka miwili hupakatwa na hulipa sehemu ndogo ya nauli. Akitimiza miaka miwili mkiwa safarini, kurudi anahitaji kiti chake. Hesabu tarehe ya kurudi, si ya kwenda.

Saa ya tiketi si saa ya ukutani

Tiketi hutumia saa 24. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6 upate saa yetu: 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana, 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Anayesoma 07:00 akafika saa saba amekosa ndege kwa saa sita, na kukosa ndege ndiyo gharama kubwa kuliko zote nilizozitaja, maana nauli huenda yote.

Mtego mbaya zaidi ni ndege za usiku wa manane za Nairobi na Mombasa. Tiketi iliyoandikwa Ijumaa 00:40 ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Ijumaa. Unatoka nyumbani Alhamisi. Wazee wetu, ambao usiku wa Ijumaa kwao huanza Alhamisi magharibi, hawakosei hapa. Vijana ndio hufika Ijumaa usiku na mabegi yao.

Kaunta za safari za ndani hufungwa dakika 30 hadi 45 kabla ya kuruka. Kwa Manda ongeza kivuko, na wakati wa kusi ongeza mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya karatasi. Panda mashua ya abiria mapema na ulipe nauli ya mtu mmoja. Anayechelewa hulazimika kukodi mashua nzima.

NBO au WIL

Herufi tatu kwenye tiketi zinaweza kukugharimu kuliko begi. NBO ni Jomo Kenyatta. WIL ni Wilson. Jambojet hutua Jomo Kenyatta; Safarilink hutua Wilson. Ukitua Wilson na ndege yako ya Jeddah au Dubai inatoka Jomo Kenyatta, kuna teksi na kuna foleni za Nairobi katikati. Na kama tiketi ni mbili tofauti, ndege ya pili haikusubiri wala haikuombi radhi: kuchelewa kwa ya kwanza ni msiba wako mwenyewe. Begi nalo hulipitishi moja kwa moja. Unalichukua na kulipima upya kwa kanuni za shirika la pili, ambazo huenda ni ndogo zaidi. Mimi huweka saa 4 baina ya tiketi mbili kwenye uwanja mmoja, na saa 6 baina ya viwanja viwili. Ndege ya kwanza ikiwa ndiyo ya mwisho ya siku, lala Nairobi.

Watu wa Malindi wana hesabu nyingine. Mombasa ni kama kilomita 120, na nauli za huko mara nyingine ni za chini. Lakini uwanja wa Moi uko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Port Reitz. Unapita msongamano wa Mtwapa, Nyali na mji mzima. Ukiwa peke yako na mkoba mmoja, matatu inalipa. Mkiwa wanne na mabegi, aghalabu hailipi.

Wanaoendelea Ulaya, hasa Italia ambako Malindi ina ndugu wengi, wakumbuke kwamba ndege za bei nafuu za huko ni kali kuliko zetu. Mfuko wa bure wa Ryanair ni sentimita 40 kwa 30 kwa 20, uingie chini ya kiti. Ukizidi mlangoni unaweza kulipa hadi euro 75. Asiyethibitisha safari yake kwenye simu kabla ya kufika hutozwa euro 55, na kama hukununua kiti, nafasi ya kuthibitisha hufunguka saa 24 kabla ya kuruka na kufungwa saa 2 kabla. Ukiwa umekata kwenda na kurudi, weka kengele kwenye simu kwa kila upande. Tena "Milano" ya bei ya chini mara nyingi ni Bergamo, kama kilomita 50 kutoka mjini, na basi lake ni la kulipia.

Kubadilisha, na kulipa

Ada ya kubadilisha siku huja na ndugu yake: tofauti ya nauli. Tuseme ada ni shilingi 3,000, nauli ya siku mpya imepanda kwa 4,000, na tiketi mpya ya kwenda tu ni 6,500. Kubadilisha ni 7,000. Nunua mpya, iache ile, kisha uombe urudishiwe kodi za uwanja za tiketi usiyoitumia. Lakini usiache mguu wa kwanza wa tiketi ya kwenda na kurudi kabla ya kuuliza. Mashirika mengi hufuta na wa kurudi.

Kuchagua kiti kwa safari ya saa moja, kwenye ndege ya viti viwili kila upande, ni pesa ya kutupa. Vikasha vya kutia alama, vya bima na ujumbe wa simu, vitazame kimoja kimoja kwenye ukurasa wa mwisho wa kulipa. Bandu bandu huisha gogo.

Lipa kwa shilingi ikiwa bei imetolewa kwa shilingi. Kadi ikikuuliza kama ugeuziwe pesa papo hapo, kataa, acha benki yako igeuze. M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo familia kubwa ya umra igawe malipo kabla muda wa kushikiliwa nafasi haujapita. Na kwenye fomu weka namba na barua pepe yako mwenyewe, hata ukikatiwa na wakala. Ndege ikisogezwa saa, ujumbe utakwenda kwa aliyeandikwa.