Kula kwanza, au dawa kwanza?

Kwenye dirisha letu la dawa hakuna swali tunaloulizwa zaidi na wagonjwa wa saratani wanaopewa vidonge vya kumeza nyumbani kuliko hili: "Nile kwanza?" Wengi wanauliza huku jibu wanalo tayari, kwamba dawa kali haimezwi na njaa. Kwa vidonge hivi jibu hilo linaweza kuumiza, kwa kuwa chakula hubadilisha kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu.

Abiraterone, inayotibu saratani ya tezi dume, kwa kawaida humezwa tumbo likiwa tupu. Ukiimeza baada ya mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia mwilini kinaweza kufika mara 10 ya kile cha tumbo tupu. Kuna anayedhani hiyo ni faida. Siyo: ni dozi ambayo daktari hakukuandikia. Capecitabine ya saratani ya utumbo mpana na matiti ni kinyume chake, humezwa ndani ya dakika 30 baada ya kula.

Wanaonipa wasiwasi zaidi ni wenye saratani ya damu waliozoea imatinib, ambayo humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji ili isichafue tumbo. Siku wakihamishiwa nilotinib, mazoea yale huwa hatari. Nilotinib inataka usile saa 2 kabla na saa 1 baada, maana chakula huipandisha kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kuna pia dawa nyingine unazotumia. Dasatinib ya saratani ya damu na erlotinib ya saratani ya mapafu huhitaji asidi ya tumbo ili ziyeyuke. Omeprazole ya vidonda vya tumbo, ambayo watu hujinunulia dukani, huipunguza asidi hiyo, na kidonge cha gharama kubwa kikapita bila kufanya kazi yake yote. Rifampicin ya kifua kikuu huliamsha ini liivunje imatinib haraka, kiasi kwamba damuni hubaki kama robo tu. Balungi linaweza kufanya kinyume, likaiongeza.

Wataalamu nao wanatafuta njia za kuongeza ufyonzwaji, ila kwa vipimo. Decitabine ya saratani za damu ilikuwa dawa ya dripu tu, kwa sababu kimeng'enya (protini inayovunja vitu mwilini) kilichomo kwenye utumbo na ini huiharibu kabla haijafika kwenye damu. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha kidonge kinachoichanganya na cedazuridine, inayokizuia kimeng'enya hicho. Hilo halifanani na kujichanganyia manjano na pilipili manga nyumbani ili "dawa ishike". Kwa wanawake wanaotumia tamoxifen ya saratani ya matiti, mchanganyiko huo umeonekana kushusha kiwango cha kile kiini chenye nguvu ambacho mwili hukitengeneza kutokana na dawa hiyo.

Kwa hiyo ukija kliniki, beba kila unachomeza, na mizizi ya bibi pia, hatutakugombeza. Usisage kidonge wala kukifungua bila kutuuliza. Na ukitapika baada ya kumeza, usirudie dozi. Tupigie kwanza.