Je, wajua? Simu yako haiwezi kupima presha, ila inaweza kusaidia kuishusha

Mama mdogo wangu anauza karanga na ubuyu soko la Majengo, hapa hapa Dodoma mjini, na presha anayo mwaka wa sita sasa. Mwaka jana mwanae akamwekea kwenye simu apu moja ya bure, unaweka kidole juu ya kamera, taa inawaka, unasubiri kidogo alafu inakuletea presha yako na kimoyo cha kijani. Kila asubuhi 118 kwa 76. Mama mdogo akafurahi weee, akaanza kuruka vidonge, maana simu ishasema uko fiti wewe ni nani ubishe. Siku nimepita kumsalimia nikasema ngoja na mimi nijaribu, ikanipa 119 kwa 77. Tukamwita mjukuu wake wa darasa la kwanza, kidole kina vumbi la uwanjani, 118 kwa 76. Tulicheka sana. Wiki ile ile kliniki wakamkuta na 172 kwa 104 na kicheko kikaishia hapo.

Cha kushangaza, dokta wa zahanati hakumwambia atupe simu. Alimwambia afute ile apu alafu simu yenyewe aendelee kuitumia, ila kwa kazi nyingine. Sasa hapo ndo watu wengi wanachanganya, kwa hiyo tuanze na kwanini ilidanganya.

Kamera ya simu ikimulika kidole inaona kitu kimoja tu, wekundu unaongezeka na kupungua kila damu inapopita. Kwa hiyo kuhesabu mapigo ya moyo inaweza, na mara nyingi inapatia. Ila presha ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo ukuta wa mshipa, na nguvu huioni kwa macho. Chukulia tairi la bodaboda, ukilitazama linavyozunguka utahesabu mizunguko yote unayotaka, ila upepo uliomo ndani mpaka ushike geji. Geji ya presha ni ule mkanda wa mkononi. Unajaa upepo mpaka unaubana mshipa, alafu unaachia taratibu huku mashine inasikilizia mtikisiko wa damu inaporudi kupita, unaanza mdogo, unakua, unafifia, na kwenye huo mtikisiko ndo inakokotoa namba ya juu na ya chini. Bila kubana hakuna cha kukokotoa, apu ya kidole inakisia tu.

Na hili halijawakuta watu wa Majengo peke yao. Marekani kulikuwa na apu inaitwa Instant Blood Pressure, iliuzwa kati ya 2014 na 2015, watu zaidi ya laki moja wakainunua. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha huko huko wakaijaribu na mwaka 2016 wakatoa majibu, kwamba kati ya watu waliokuwa na presha ya juu kweli, karibu 8 kwa kila 10 iliwaambia wako sawa. Mwisho wa mwaka huo huo serikali ya kule ikawabana wenye nayo kwa matangazo ya uongo. Apu za namna hiyo hazijaisha lakini, zimebadilisha majina tu.

Haya, sasa kazi yenyewe ya simu ni ipi? Piga hesabu. Mwezi una masaa 720, na dokta anakuona dakika 10 labda, akikuona sana robo saa. Hayo mengine yote uko mwenyewe na vidonge vyako na mlenda wako. Na hata zile dakika 10 zina shida yake, umeamka saa kumi na moja, umebanwa kwenye daladala kutoka Nkuhungu, umekaa kwenye benchi masaa mawili unamsikiliza jirani anasimulia ndugu yake alivyopooza, ukifika mezani presha lazima ipande. Wapo ambao inapanda kliniki tu, nyumbani iko chini. Wapo pia kinyume chake, kliniki nzuri nyumbani mbaya, na hawa ndo wa kuogopa zaidi maana wanarudishwa nyumbani wanaambiwa hongera. Ndo maana hata kipimo cha kusema hii ni ya juu hakifanani, kliniki ni 140 kwa 90, nyumbani wanashusha mpaka 135 kwa 85.

Dokta akiona namba moja ya kliniki imepanda anajua inaweza kuwa uchovu wa safari, anasema tuone mwezi ujao. Akiona namba 24 za nyumbani zote zimepanda, hana pa kujificha. Uingereza walifanya utafiti mkubwa wakautoa 2018, wagonjwa 1,182 kwenye vituo 142 vya madaktari wa kawaida, sio hospitali kubwa. Kundi moja wakahudumiwa kama kawaida, kundi la pili wakajipima nyumbani na kupeleka namba kwa karatasi, la tatu wakajipima na kutuma kwa simu. Baada ya mwaka, wale wa kawaida namba ya juu ilikuwa wastani wa 140.4, wa karatasi 137, wa simu 136. Na sio kwamba kuandika namba kunatibu, ni kwamba madaktari wao walipoziona namba waliongeza dawa. Ila mi kilichonifurahisha zaidi ni ile tofauti ya karatasi na simu, ni ndogo mno! Wa simu waliwahi tu kutulia, ile miezi sita ya kwanza. Kwa hiyo bibi yako wa Kongwa mwenye kitochi na daftari la mistari asijione kaachwa.

Na kitochi nacho kina historia yake. Jirani zetu Kenya mwaka 2010 yalitoka majibu ya utafiti kwa watu wanaoanza ARV, ambazo nazo ni dawa za maisha kama za presha. Kila Jumatatu nesi anatuma meseji ya neno moja, "Mambo?" Mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya siku mbili. Aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, nesi anampigia. Basi. Waliotumiwa meseji, 62 kati ya 100 walimeza dawa vizuri, wasiotumiwa ni 50 kati ya 100. Hakuna kamera hakuna grafu, ila ukikaa kimya kuna mtu anakutafuta. Mimi apu ikija na rangi kumi na mbili lakini hakuna binadamu anayezisoma zile namba, naiona kama kalenda ya ukutani tu.

Kujipima kwenyewe kuna adabu zake. Nenda haja ndogo kwanza, kahawa na sigara nusu saa kabla hapana. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu chini usiikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi sio juu ya sweta, na funga mdomo, kuongea kunapandisha. Pima mara mbili kwa kuachia dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba, za siku ya kwanza usizihesabu maana bado una wasiwasi na mashine. Mwenye mkono mnene atafute mkanda mpana, ule mdogo utampa namba kubwa isiyo yake. Ukiona 180 kwa 120 tulia dakika tano urudie, na kama kifua kinabana au mdomo umepinda au mkono mmoja umekufa ganzi, achana na kurudia, tafuta usafiri.

Wa sukari, angalieni kitu kimoja. Mashine zetu zinasoma kwa milimoli (mmol/L), ukipimwa unaambiwa 7. Apu nyingi zimetengenezwa Marekani, kule wanasoma kwa miligramu (mg/dL), hiyo 7 wanaiita 126. Ukiandika 7 bila kubadilisha kipimo kwenye apu inakuwashia nyekundu kama vile ushazimia.

Na kwenye chakula hizo apu msizitegemee sana, nyingi haziujui mlenda kabisa, na magadi tunayoweka kwenye mlenda yana sodiamu ile ile ya kwenye chumvi, unaacha chumvi mezani unaikuta chunguni. Alafu kabla hujaijaza apu majina yako na ugonjwa wako, soma inaomba ruhusa ya nini, apu ya kuandikia presha haihitaji namba za watu wote kwenye simu yako.

Mama mdogo watoto wake walichanga wakamnunulia mashine ya mkanda, namba anaziingiza kwenye apu ya kuandikia tu, na alamu ya vidonge inalia saa mbili usiku kwa sauti ya jogoo. Kliniki iliyopita nesi aliichukua ile simu akawa anashusha kwa kidole gumba, 151, 148, 153, 149. "Mama, hii Jumapili mbona patupu?" Mama mdogo akamwambia nilikuwa Bahi kwenye msiba, mashine niliisahau. Nesi akaguna, akaenda nayo simu mpaka chumba cha dokta, akarudi na karatasi, kidonge chake cha presha, amlodipini, cha miligramu 5 kimekuwa cha 10.