Leseni ya Urubani wa Kibiashara na Mipaka ya Nchi

Watu wengi wanaotafuta shule ya urubani huamini kwamba leseni ya kibiashara ikishatolewa na nchi moja, mwenye nayo anaweza kuajiriwa kurusha ndege popote duniani, na kwa hiyo hulinganisha ada peke yake. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka: Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, unazitaka nchi wanachama kutambua leseni za wenzao, ila utambuzi huo humhusu rubani anayerusha ndege iliyosajiliwa katika nchi ileile iliyotoa au kuthibitisha leseni yake. Ndege iliyosajiliwa kwingine huhitaji leseni ithibitishwe au ibadilishwe, na mara nyingi hilo huambatana na mitihani ya sheria za anga, uchunguzi wa afya na jaribio la kuruka.

Masharti nayo hutofautiana. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa ndege za kawaida (si helikopta) ni saa 200 za kuruka, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa, ilhali Marekani hudai saa 250, au 190 katika kozi zilizoidhinishwa.

Anayekusudia kufanya kazi katika nchi fulani aanzie kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, wala si kwenye tangazo la shule, kwa kuwa mamlaka nyingi huchapisha orodha ya shule zilizoidhinishwa pamoja na masharti ya kubadilisha leseni za kigeni. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, yaani kiwango cha juu cha vyeti vya afya vya marubani, nacho kitafutwe kabla ya kulipa ada, jambo ambalo, kwa maoni yangu, kila shule ingepaswa kumweleza mwombaji siku ya kwanza.