Kummalizia muuzaji hela hakuleti hati haraka

"Wakili, nimeshammalizia hela yake yote ili asipate kisingizio cha kunichelewesha." Maneno haya nimeyasikia kwa walimu, manesi, madereva wa malori na hata wafanyakazi wa benki. Nikiyasikia tu najua kazi ya kuhamisha umiliki imekuwa ngumu maradufu. Namwandikia anayenunua nyumba yake ya kwanza hapa Dar es Salaam, kasaini mkataba, kalipa, na miezi inakatika hati ikiwa bado na jina la muuzaji.

Kinachoharakisha uhamisho ni hela ambayo bado hujalipa. Angalia kazi zilizobaki baada ya kusaini mkataba ni za nani. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi wa Tanzania kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida aliyopata, ni ya muuzaji, na bila cheti cha TRA cha kuonyesha imelipwa, Msajili wa Hati hakusajilii. Malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi ni yake. Kumleta mwenza wake aridhie mauzo ni kazi yake pia, kwa sababu kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kila kimoja kinamgharimu muda au fedha. Akishakuwa na bei yote mfukoni, ahangaike kwa faida gani?

Wala wauzaji wengi si matapeli. Mtu anauza kwa sababu ana shida: ada, matibabu, nyumba nyingine aliyoiacha kwenye linta. Hela ikiingia inatumika. Siku makadirio ya TRA yanatoka, hana kitu, na simu zako zinaanza kuita bila kupokelewa.

Nilimpokea mama mmoja aliyelipa bei nzima ya nyumba Goba siku ileile ya kusaini. Nilipofungua fomu namba 35 ya uhamisho niliona picha na saini ya mume. Ya mke haikuwepo. Mke alikuwa Mwanza, wamekorofishana, na alisema hatasaini mpaka apewe fungu lake. Fungu gani, na mume alikuwa ameshanunua Coaster? Mteja wangu aliendelea kulipa kodi ya chumba Tabata huku nyumba aliyoinunua imefungwa kufuli.

Na huyo mume angefariki kabla uhamisho haujasajiliwa, tungeingia kwenye mirathi. Familia ikae, msimamizi ateuliwe na mahakama, warithi wakubaliane. Huo ndio ucheleweshaji ninaouogopa kuliko foleni yoyote ya ofisi ya ardhi.

Kwa hiyo nawashikilia wateja wangu kwenye mambo matatu, na hapa sibembelezi. Fomu zote, yaani 29 ya taarifa ya mauzo, 30 ya maombi ya kibali na 35 ya uhamisho, zisainiwe na muuzaji pamoja na mwenza wake siku ya malipo ya kwanza, kisha zikae kwa wakili. Kodi ya muuzaji ikatwe kwenye bei: mwambie akupe namba ya malipo aliyopewa na TRA, lipa wewe mwenyewe, na risiti ibaki kwako. Tatu, baki na angalau theluthi moja ya bei mkononi mpaka hati itoke kwa jina lako. Muuzaji akigoma, basi kiasi hicho kikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili kwa masharti ya maandishi. Anayekataa hata hilo, mimi namshauri mteja atafute nyumba nyingine.

Umeshammalizia tayari? Nenda leo kaweke zuio kwa Msajili wa Hati ukieleza maslahi yako kwenye kiwanja hicho. Hati haitaharakishwa, lakini uhamisho kwa mtu mwingine hautasajiliwa nyuma ya mgongo wako.

Kuna wanaoamini kwamba tarehe ya mwisho ikipita mkataba unakufa wenyewe na hela inarudi. Hapana. Kwa Sheria ya Mikataba, kama mkataba hausemi kwamba muda ni sharti la msingi, unachoweza kudai kwa kawaida ni fidia ya ucheleweshaji. Muda uandikwe hivyo wazi, na kiasi cha fidia kwa kila mwezi kitajwe.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa haukupi umiliki wa kiwanja kilichosajiliwa, na hakuna sheria inayompa asilimia 10 ya bei yako. Msitoe.

Barua ya benki ya kukubali mkopo nayo si pesa. Baada yake kuna ripoti ya mthamini, upekuzi wa hati (kukagua kwa Msajili nyumba ni ya nani na kama ina rehani au zuio), na usajili wa rehani, ndipo fedha zitoke. Usimwahidi muuzaji tarehe ambayo benki haijakuandikia.

Upekuzi wa miezi mitatu iliyopita umeshapitwa. Rudia asubuhi ya kila malipo makubwa. Rehani au zuio vinaweza kuingia katikati.

Halafu hili la kukabidhiwa funguo. Mtu akishapewa funguo anapiga rangi, anabadilisha vigae, anachimba kisima, huku kisheria nyumba bado ni ya mwingine. Mauzo yakivunjika utaanza kugombania na gharama za ukarabati. Ukitaka kuingia mapema, andikiana na muuzaji makubaliano ya kukaa, na usiguse ukuta mpaka usajili ukamilike.

Mwisho, mnawahi mno kuaga nyumba mnazopanga. Wenye nyumba wengi mjini wanataka kodi ya miezi sita au mwaka, kwa hiyo tarehe ya mkataba wa kununua ikiteleza wiki chache tu unajikuta unalala kwa shemeji na makabati yako yako stoo. Nenda kwa mwenye nyumba wako kabla kodi haijaisha, mwombe akuongezee miezi miwili mitatu kwa kulipa mwezi kwa mwezi, hata kwa bei ya juu kidogo, na makubaliano hayo yaandikwe. Kiasi hicho kiingie kwenye bajeti ya kununua tangu siku ya kwanza, pamoja na ushuru wa stempu na ada ya wakili.