Je, wajua? Neno "weird" la Kiingereza lilikuwa jina la majaliwa

Leo kijana wa London akimwona mtu kavaa soksi za rangi mbili tofauti, atasema ni "weird". Kamusi zetu hulieleza neno hilo kwa ufupi: la ajabu, lisilo la kawaida. Ni neno jepesi la kila siku. Lakini miaka elfu moja iliyopita halikuwa la kutamkwa kwa wepesi, kwa kuwa lilitaja kile kinachoamua nani atarudi kutoka vitani na nani atabaki huko.

Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "wyrd", na wala halikuwa neno la kueleza kitu kilivyo, kama lilivyo leo. Lilikuwa nomino kamili yenye maana ya majaliwa, yale yaliyokwisha kukadiriwa. Tunalikuta mara kadhaa katika Beowulf, shairi la mistari 3,182 ambalo nakala yake moja tu ya kale, iliyoandikwa karibu na mwaka 1000, imehifadhiwa British Library. Shujaa Beowulf anajiandaa kupambana usiku na zimwi Grendel. Anamwomba mfalme Hrothgar kwamba akifa, deraya yake irudishwe nyumbani kwa mjomba wake Hygelac. Kisha anamaliza kwa mstari mmoja: wyrd huenda siku zote kama inavyopasa iende. Hapo hana hofu wala majigambo. Anasema tu kama mtu aliyekwisha kuaga.

Baadaye katika shairi hilohilo shujaa anaongeza jambo ambalo mimi huliona zito zaidi: mara nyingi wyrd humwokoa mtu ambaye saa yake haijafika, ikiwa ushujaa wake haujamtupa. Kwa hiyo watu wale hawakuketi na kungoja. Yaliyokadiriwa yalikuwapo, na juhudi ya mtu ilikuwapo pia, na wao hawakuona haja ya kufuta moja ili kulibakiza la pili. Msomaji aliyelelewa na usemi wa "jisaidie, Mungu akusaidie" hatapata taabu kuwaelewa.

Wyrd imetokana na wapi? Inahusiana na kitenzi cha kale "weorðan", chenye maana ya kuwa au kutokea. Kiingereza kilikiacha kitenzi hicho, lakini Wajerumani wanacho mpaka leo, "werden". Ukichimba zaidi unafika kwenye mzizi wa zamani sana wenye maana ya kugeuka, uleule uliozaa "vertere" ya Kilatini. Njia hiyo kutoka kugeuka hadi kuwa, sisi tunaipita kila siku bila kufikiri. Dereva hugeuka kushoto, na maziwa nayo hugeuka mtindi. Wyrd basi ni kile ambacho mambo yako yatageuka kuwa.

Majirani zao wa kaskazini, watu wa Skandinavia, waliipa nguvu hiyo sura ya mwanamke. Katika visa vyao, chini ya mti mkubwa Yggdrasil kuna kisima, na kando yake wanakaa wanawake watatu wanaowapangia watu maisha yao: Urðr, Verðandi na Skuld. Urðr ni wyrd yenyewe kwa matamshi ya kwao, na Verðandi hutokana na kitenzi kilekile cha kuwa. Wanazuoni wa Kiingereza cha kale nao, walipokutana katika vitabu vya Kilatini na miungu watatu wa kike wanaosokota uzi wa uhai wa mtu, waliwafasiri kwa neno hilohilo katika wingi, "wyrde".

Halafu neno likaanza kufifia. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa na Kilatini yaliingia kwa wingi, na ya majaliwa yakiwamo. Mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer, katika karne ya 14, anawataja hao "Wirdes" na papo hapo anaongeza kuwa ndio tunaoita "destinee". Mwandishi akilifafanua neno la kwao kwa neno la kuja, ujue la kwao limekwisha kuzeeka. Kusini mwa Uingereza lilikaribia kusahaulika kabisa. Lilipopona ni Uskochi.

Huko, mnamo mwaka 1420, Andrew wa Wyntoun aliandika historia ya nchi yake kwa mashairi. Ndani yake kuna mtu aitwaye Macbeth anayewaota wanawake watatu, na mwandishi anawafananisha na "werd systrys", yaani dada wa majaliwa. Kisa kikapita mkono hadi mkono mpaka kwa Raphael Holinshed wa London, ambaye kitabu chake cha historia kilitoka mwaka 1577 na tena 1587. Holinshed alijua kuwa wasomaji wa kusini hawalifahamu neno, hivyo akawaeleza: hawa ni miungu wa kike wa majaliwa. William Shakespeare alikisoma kitabu hicho, na karibu na mwaka 1606 akaandika tamthilia ya Macbeth, ambayo mwaka 1968 S. S. Mushi aliitoa kwa Kiswahili.

Hapa ndipo maana ilipohama. Shakespeare aliwaita wale watatu "weird sisters", lakini akawavika pia ndevu, sufuria ya kuchemshia mazingaombwe na vipande vya vyura na popo. Waliotazama waliona wachawi wenye sura ya kutisha. Neno lenyewe hawakulijua, wakalikisia kwa macho: kama hawa ndio "weird", basi "weird" ni kuwa hivi walivyo. Hata wachapaji walibabaika. Katika chapa ya kwanza ya mwaka 1623 neno limeandikwa "weyward" mara tatu na "weyard" mara tatu, na anayesoma angeweza kudhani ni neno jingine lenye maana ya ukaidi. Mhariri wa tamthilia hizo Lewis Theobald ndiye aliyerudi kwa Holinshed, na katika toleo lake la mwaka 1733 akalirudisha neno "weird" mahali pake.

Alilirudisha neno, lakini si maana. Washairi wa mwanzoni mwa karne ya 19 walilichukua kutoka Macbeth likiwa limeloa ile hofu ya jukwaani. Percy Shelley, katika shairi la mwaka 1816, anauzungumzia usiku unaofanya ukimya wake wenyewe utoe sauti ya "weird". Hapo hapana tena majaliwa. Kuna mambo ya gizani yanayosisimua mwili. Tangu hapo neno liliendelea kushuka, kutoka la kutisha likawa la kushangaza, kisha lisilo la kawaida, hadi kwenye zile soksi za rangi mbili.

Nasikitika kwa hilo kwa sababu tamthilia yenyewe inapoteza kitu. Wale dada wanamsalimu Macbeth mara tatu: kwa cheo cha Glamis alichokwisha kukirithi, kwa cha Cawdor alichokwisha kupewa na mfalme bila yeye kujua, na kwa ufalme atakaoupata. Wanayataja yaliyopita, yaliyopo na yajayo kwa mpango huo. Ukiwaona kuwa ni vikongwe wa ajabu tu, salamu hizo ni vitisho. Ukiwaona kuwa ni dada wa majaliwa, unasikia hesabu ya maisha ya mtu ikisomwa mbele yake.

Maneno mengine ya Kiingereza ya ugeni wa mambo hayakutoka juu hivyo. "Strange" linatokana na neno la Kilatini la kitu cha nje, kama sisi tunavyosema "jambo geni" kwa mzizi uleule wa mgeni. "Odd" lilianzia kwenye ncha ya tatu ya pembetatu, ile isiyo na mwenzake, ndipo likawa jina la namba witiri.

Kinachofanana zaidi na "weird" kwetu ni "ajali". Kwa Kiarabu "ajal" ni muda uliowekwa, na Kurani hulitumia kwa kikomo cha uhai ambacho hakisogezwi. Waswahili wa zamani walilisema kwa maana hiyo, ndiyo maana ya kwanza ya methali "ajali haina kinga". Siku hizi tukilisikia tunawaza basi lililopinduka barabarani, jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Neno la kilichokadiriwa limekuwa la kilichotokea kwa bahati mbaya.

Uskochi bado wana usemi wa kale, "dree yer weird". Humwambia mtu aliyefikwa na lisiloepukika. Hakuna ajabu wala kioja ndani yake, na Mswahili wa zamani angeutafsiri bila kusita: stahimili ajali yako.